Propela ya boti ya mashine: namna ya kuitoa, kuitengeneza na kuitunza kwa wasafirishaji wa Ziwa Tanganyika

Msafirishaji anayevusha mzigo Ziwa Tanganyika huwa na hesabu nyingi kichwani: bei ya petroli, ushuru, kiwango cha kubadilisha faranga na shilingi, na upepo wa jioni. Propela haimo katika hesabu hizo mpaka siku boti inaposimama katikati ya maji, mashine ikinguruma bila kwenda. Hapo ndipo kifaa hicho, ambacho wengine hukiita rafadha na wengine pangaboi, kinapopewa heshima yake.

Makala haya yanaeleza jinsi propela ya mashine ndogo ya nyuma inavyotolewa, inavyokaguliwa, inavyotengenezwa na kurudishwa, na hasara gani humfika mwenye boti anayepuuza kazi hiyo. Tunachukua mfano wa boti za mbao zinazobeba mizigo na abiria kati ya Kigoma, Bujumbura, Uvira, Kalemie na Mpulungu, zenye mashine za nguvu farasi 15 hadi 40. Mambo mengi yatawafaa pia wenzetu wa Ziwa Viktoria na wa pwani, ingawa maji ya chumvi yana madhara yake ambayo tutayagusa kidogo tu.

Kwa nini Ziwa Tanganyika ni gumu kwa propela

Ziwa hili lina urefu wa zaidi ya kilomita 670 na kina kinachofikia takriban mita 1,470. Mtu angedhani maji ya kina hivyo hayawezi kuumiza propela. Ukweli ni kwamba ajali nyingi za propela hutokea mita chache kutoka ufukweni, boti inapoingia na kutoka. Boti nyingi hupakia palepale kwenye mchanga na mawe, kama inavyofanyika Kibirizi nje kidogo ya mji wa Kigoma, na nahodha mwenye haraka huwasha mashine kabla maji hayajatosha.

Jambo la pili ni mafuriko. Kati ya mwaka 2020 na 2024 maji ya ziwa yalipanda sana na kufunika makazi na sehemu za ufukwe, hususan Gatumba karibu na Bujumbura, Uvira na Kalemie. Kuta, nguzo, visiki vya miti na nondo vilibaki chini ya maji mahali ambapo zamani palikuwa nchi kavu. Nahodha anayetegemea kumbukumbu ya miaka kumi iliyopita kuingia katika maeneo hayo anajiingiza katika hatari, maana ramani ya kichwani mwake imepitwa na wakati.

La tatu, ambalo ndilo kubwa kuliko yote kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, ni nyuzi za nailoni. Ziwa hili linavuliwa usiku kwa taa na nyavu, na vipande vya nyavu na mishipi huelea kila mahali. Jiwe likivunja panga la propela, nahodha hujua papo hapo. Uzi ukijifunga nyuma ya propela hajui chochote, na anaweza kusafiri nao miezi miwili huku ukila mashine kimyakimya.

Uzi unavyoua gia boksi

Propela imekaa kwenye shafti inayotoka ndani ya gia boksi, yaani ule mguu wa mashine ulio chini ya maji. Pale shafti inapotoka kuna sili za mpira zinazozuia oili kutoka nje na maji kuingia ndani. Uzi ukinaswa na propela huvutwa hadi kwenye nafasi ndogo iliyo kati ya propela na mguu wa mashine. Hapo hujizungusha na kukaza, hupata joto kwa msuguano, na mwisho huingia chini ya mdomo wa sili na kuukata.

Mashine ikifanya kazi gia boksi hupata moto, na ikizimwa hupoa. Inapopoa, hewa iliyomo ndani hunywea na kuvuta maji ya ziwa kupitia sili iliyokatika. Safari baada ya safari maji huongezeka. Oili hugeuka rangi na kuwa kama maziwa au chai ya maziwa, hupoteza uwezo wa kulainisha, beringi huanza kutu, na meno ya gia hulika. Siku yatakapovunjika, yatavunjika boti ikiwa na mzigo kamili na mashine ikiwa imekazwa, kwa kuwa wakati huo ndipo nguvu kubwa inapopita hapo.

Hapa mwenye boti afanye hesabu yake mwenyewe kwa bei za mjini kwake. Aulize bei ya sili, kisha bei ya gia, beringi na shafti, halafu aongeze siku ambazo boti itakaa bila kazi akisubiri spea kutoka Dar es Salaam. Sili ni kitu kidogo mno mbele ya vingine vyote. Ndiyo maana tunashauri propela itolewe kwa ajili ya ukaguzi hata kama haijagonga kitu: mara moja kila wiki mbili kwa boti inayofanya safari kila siku, na siku hiyohiyo kila inapopita juu ya wavu. Ni kazi ya nusu saa.

Kuitoa

Kwanza usalama. Zima mashine, toa kipande cha swichi ya dharura, na chomoa nyaya za plagi ili mashine isiweze kuwaka hata mtu akivuta kamba kwa bahati mbaya. Weka gia huru. Propela inaweza kuzunguka ghafla ukiwa umeishika, na mapanga yake yakilika huwa makali kama kisu. Vaa glovu au shika kwa kitambaa kizito.

Inua mashine. Weka kipande cha ubao mgumu kati ya panga la propela na lile bamba bapa lililo juu yake ili propela isizunguke unapofungua nati. Usitumie mkono kuizuia, wala usiweke bisibisi au nondo, kwa sababu chuma hukwangua na kuvunja alumini.

Sasa tazama mwisho wa shafti. Mashine za nguvu farasi 15, 25 na 40 huwa na nati yenye mikato inayofungiwa na pini iliyopasuliwa, ambayo miguu yake imepindwa pembeni. Inyooshe kwa plaizi, ivute, kisha itupe. Haifai kurudishwa. Fungua nati kwa spana ya saizi yake. Baada ya nati itatoka washa, katika baadhi ya mashine na kipande cha nafasi, halafu propela yenyewe, na mwisho washa nene ya ndani inayopokea msukumo wote wa boti. Vipange juu ya kitambaa kwa mpangilio uleule vilivyotoka. Washa hiyo ya ndani ina upande wake: uso ulioinama hukaa kuelekea kwenye mguu wa mashine. Ikisahaulika au ikigeuzwa, propela inaweza kusaga gia boksi.

Mashine ndogo sana, za nguvu farasi 2 hadi 5, nyingi zina mfumo tofauti. Badala ya meno kwenye shafti kuna pini laini inayopita katikati, ambayo hukatika makusudi propela inapogonga jiwe ili kuokoa gia. Mwenye mashine ya aina hiyo awe na pini tano za akiba ndani ya boti, za dukani. Wapo wanaoweka msumari wa chuma kigumu badala yake. Msumari huo haukatiki, kwa hiyo kinachokatika ni gia.

Propela iliyogoma kutoka ni dalili kwamba haikupakwa grisi safari iliyopita. Pulizia mafuta ya kulegeza kutu kwenye shafti, acha usiku kucha, kisha gonga kitovu chake taratibu kwa nyundo ya mbao huku ukikizungusha. Usigonge mapanga. Moto pia haufai: ndani ya kitovu kuna bushi ya mpira, nyuma yake kuna sili, na juu kuna petroli.

Ukaguzi baada ya kutoa

Propela ikishatoka, angalia shafti kabla ya kitu kingine. Safisha kwa kitambaa, mulika kwa tochi, na utafute uzi. Mara nyingi hauonekani kama uzi. Huonekana kama pete nyembamba ya plastiki iliyoyeyuka. Ukate kwa ncha ya kisu bila kukwaruza shafti na uufungue wote. Ukiukuta, oili lazima ikaguliwe siku hiyohiyo.

Kukagua oili hakuhitaji fundi. Acha mashine imesimama wima usiku mzima ili maji, ambayo ni mazito kuliko oili, yashuke chini. Asubuhi legeza kidogo skrubu ya chini ya gia boksi. Yakitoka matone ya maji kwanza, au oili ikiwa nyeupe, sili imekwisha. Oili nyeusi yenye harufu ya kuungua ina maana imechelewa kubadilishwa. Vumbi laini la chuma kwenye skrubu ni la kawaida kwa kiasi kidogo, lakini vipande vinavyoshikika kwa vidole ni meno ya gia, na boti hiyo isiondoke ufukweni.

Oili ya gia boksi ni ya aina ya gia za haipoidi, namba 90, na mashine hizi huchukua takriban nusu lita au pungufu. Hujazwa kutoka tundu la chini mpaka itokee tundu la juu, ndipo skrubu ya juu ifungwe kwanza na ya chini baadaye. Ukijaza kutoka juu utafungia hewa ndani na kudhani imejaa. Badilisha baada ya saa 10 za mwanzo za mashine mpya, kisha kila saa 100. Boti inayotembea saa kumi kwa siku hufikisha saa 100 ndani ya siku kumi tu, jambo ambalo wenye boti wengi hulisahau kwa sababu kitabu cha mashine kimezoea kuzungumza na watu wanaotembea Jumapili.

Baadaye shika shafti na uizungushe kwa mkono gia ikiwa huru. Itazame ncha yake: ikiyumba, imepinda. Propela mpya juu ya shafti iliyopinda ni fedha iliyotupwa.

Mashine inanguruma, boti haiendi

Hali hii huwachanganya manahodha wengi. Gia imeingia, mashine inapanda mizunguko, boti inatambaa. Wengi husema gia boksi imekufa, na kuna mafundi wasio waaminifu watakaokubali haraka na kuifungua.

Mara nyingi kilichokufa ni bushi ya mpira iliyo ndani ya kitovu cha propela. Bushi hiyo imeshikamana kwa msuguano kati ya sehemu ya ndani yenye meno na sehemu ya nje yenye mapanga, ili propela ikigonga kitu iteleze na kuokoa gia. Ikizeeka, au ikigongwa mara nyingi, huanza kuteleza hata bila kugonga kitu. Ukienda polepole inashika, ukikaza inateleza.

Kipimo chake ni rahisi. Chora mstari mmoja ulionyooka kwa rangi au ncha kali, uanzie sehemu ya ndani ya kitovu na kuendelea mpaka sehemu ya nje. Rudisha propela, nenda na mzigo kwa nguvu kamili dakika chache, rudi, utazame. Mistari ikiwa imeachana, bushi imeteleza. Ikiwa bado imenyooka, tatizo liko kwingine, na hapo sasa unaweza kuzungumza na fundi kuhusu gia boksi ukiwa na ushahidi mkononi.

Bushi hubadilishwa kwa mashine ya kukandamiza ya haidroliki. Penye karakana yenye kifaa hicho, kazi hiyo huwa nafuu kuliko propela mpya. Penye ukosefu wake, wapo wanaotoboa kitovu na kufunga bolti kupitia mpira ili usiteleze tena. Itafanya kazi. Lakini kuanzia siku hiyo kila jiwe litakalogongwa litagonga gia moja kwa moja. Kama ni lazima ufanye hivyo ili ufike nyumbani, fanya, kisha ununue nyingine.

Ikumbukwe pia kwamba si kila kuteleza ni bushi. Boti ikipakiwa mzigo mwingi mbele, tezi hunyanyuka na propela huvuta hewa. Mizunguko hupanda ghafla kwenye wimbi na kushuka tena. Hali hiyo pia hutokea mashine ikifungwa juu mno. Lile bamba bapa lililo juu ya propela linatakiwa liwe sambamba na sehemu ya chini kabisa ya boti, au lishuke chini yake isizidi milimita 25. Mashine za mguu mfupi ni za ubao wa nyuma wenye kimo cha takriban sentimita 38, na za mguu mrefu sentimita 51. Anayenunua mashine iliyotumika apime ubao wake kwanza.

Kutengeneza mapanga

Mapengo madogo kwenye ukingo wa panga, ya milimita mbili tatu, hutengenezwa kwa tupa. Lainisha pengo mpaka ukingo uwe na mkunjo laini, kisha tazama mapanga mengine. Ukiondoa chuma upande mmoja tu, propela itakosa mizani, itatetemesha mashine yote, na mtetemo huo utakula beringi na sili. Ipitishe propela kwenye fimbo nyembamba iliyonyooka, ilale kwenye vishikio viwili, uiache izunguke yenyewe. Panga linaloshuka chini kila mara ndilo zito. Lipunguze kidogo kwa tupa upande wa nyuma, jaribu tena.

Panga lililopinda linahitaji uangalifu zaidi. Laza propela juu ya meza bapa, kitovu chini. Chukua rula na upime urefu kutoka mezani mpaka ncha ya kila panga, kisha mpaka ukingo katika sehemu ileile ya kila panga. Tofauti ya milimita chache kwenye ncha inaweza kurudishwa kwa kugonga taratibu juu ya kipande cha mbao. Alumini haipendi kupindwa mara mbili. Ikirudishwa baridi na pembe kubwa hupasuka, tena ufa huanza ndani usiouona. Ufa wowote karibu na kitovu ni mwisho wa propela hiyo.

Kuchomelea kunawezekana. Alumini huchomelewa kwa mashine ya gesi ya argoni na fundi aliyeizoea. Fundi wa milango ya chuma, hata awe hodari namna gani, hataiweza kwa vifaa vyake vya kawaida. Bushi ya mpira itolewe kabla ya moto. Hata ikichomelewa vizuri, sehemu ile hubaki laini kuliko alumini ya awali, kwa hiyo propela iliyochomelewa ifanywe ya akiba.

Propela za chuma cha pua ni ngumu zaidi, mapanga yake ni membamba na hukata maji vizuri, na bei yake iko juu sana. Kwa boti inayopakia kwenye mawe, mwandishi angechagua alumini. Panga la alumini likigonga jiwe huvunjika lenyewe. La chuma cha pua hubaki zima na kupeleka kishindo kwenye shafti.

Namba zilizoandikwa kwenye kitovu

Anayekwenda dukani aende na propela yake ya zamani au anakili namba zake. Kwa propela za Yamaha namba huwa mfano wa 11 1/8 x 13 - G. Ya kwanza ni kipenyo kwa inchi. Ya pili ni pichi: umbali ambao propela ingesogea mbele kwa mzunguko mmoja kama ingekuwa inapenya kitu kigumu, kama skrubu kwenye ubao. Herufi ya mwisho huonyesha aina ya kitovu. Yenye J ni ya mashine kama ile ya 15 na yenye G ni ya kama ile ya 40. Herufi zisipolingana propela haitaingia, muuzaji aseme asemavyo.

Pichi ndiyo inayoamua biashara. Mashine nyingi za aina hii, ikikazwa kabisa na mzigo wa kawaida, zinatakiwa zifike kati ya mizunguko 4,500 na 5,500 kwa dakika. Kipima mizunguko cha bei nafuu kinachozungushiwa waya wa plagi kinatosha kujua. Kila inchi moja ya pichi ikipunguzwa, mizunguko hupanda kwa takriban 150 hadi 200. Boti ya pichi 13 inayoishia 4,200 ikiwa imesheheni inateseka: mashine inasukuma zaidi ya uwezo wake, inachemka, inajaza masizi. Ikishushwa hadi pichi 10 itafika kati ya 4,650 na 4,800, na itabeba mzigo uleule bila kulalamika. Boti tupu itakimbia polepole kidogo, lakini msafirishaji halipwi kwa kurudi tupu.

Hesabu ya petroli

Tuchukue mfano. Kanuni ya mafundi ni kwamba mashine ya petroli ikikazwa kabisa huteketeza takriban lita 3.8 kwa saa kwa kila nguvu farasi 10. Za kuchanganya oili na petroli huweza kuzidi hapo. Mashine ya 40 basi tuiwekee lita 15 kwa saa. Kigoma hadi Kalemie ni takriban kilomita 130. Boti ikienda kilomita 13 kwa saa itatumia saa 10 na lita 150. Propela ikilika na mwendo ukashuka hadi kilomita 11, safari itakuwa saa 11 na dakika 49, na petroli itaongezeka kwa lita 27 hivi. Safari kumi ni lita 270. Zidisha kwa bei ya lita mahali unaponunulia, kisha uulize bei ya propela mpya ya alumini. Hatujaweka ndani ya hesabu hii dagaa waliochelewa soko, wala hatari ya kukutwa na upepo wa kusini katika miezi ya Mei hadi Septemba saa ambazo ulitakiwa uwe umeshafika.

Kurudisha propela

Safisha shafti na meno ya ndani ya propela. Paka grisi isiyotoka kwa maji kwenye shafti yote. Weka washa nene kwa upande wake sahihi, propela, kipande cha nafasi kama kilikuwapo, washa na nati. Kaza mpaka propela isicheze mbele na nyuma. Kipimo kamili kimo katika kitabu cha mashine. Tundu la pini lisipolingana na mkato wa nati, endelea kukaza kidogo mpaka zilingane, usirudishe nyuma. Weka pini mpya ya chuma cha pua na upinde miguu yake. Waya wa kufungia mizigo na msumari si pini: msumari hula kutu ndani ya wiki chache, nati hujifungua, na propela huenda mita 1,000 chini. Baada ya safari ya kwanza kagua tena.

Wenye boti za baharini waongeze jambo moja: kutoa propela na kupaka grisi mara nyingi zaidi, na kuangalia kile kipande cha zinki kilicho kwenye mguu wa mashine. Kikilika nusu, kibadilishwe, vinginevyo chumvi itaanza kula alumini yenyewe.

Ikiharibika katikati ya ziwa

Kila boti ya mizigo ibebe propela ya akiba, hata ile ya zamani iliyochomelewa, pamoja na nati, washa zote mbili, pini sita, spana, plaizi, kisu, ubao na tochi, vyote katika mfuko mmoja. Funga spana na propela kwa kamba kabla ya kuanza kazi. Mkono uliolowa hauaminiki. Tupa nanga ya kuelea au ndoo iliyofungwa kamba mbele ili omo ielekee wimbi. Sogeza abiria na mzigo mwepesi mbele ili tezi iinuke, inua mashine, na ufanye kazi ukiwa ndani ya boti. Anayelazimika kushuka majini avae jaketi la kuokolea na afungwe kamba. Karibu na mdomo wa mto Rusizi asishuke mtu yeyote, kuna mamba na viboko.

Spea na mpaka

Propela iliyotengenezwa Japani au China ni bidhaa ya kigeni katika nchi zote nne za ziwa. Cheti rahisi cha uasili cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, kinachotumika kwa mizigo isiyozidi thamani ya Dola 2,000, huhusu bidhaa zilizotoka ndani ya Jumuiya, kwa hiyo hakiiondolei propela ushuru hata kama umeinunua Kigoma kuipeleka Bujumbura au Uvira. Kongo ilijiunga na Jumuiya mwaka 2022. Zambia si mwanachama. Imo SADC na COMESA.

Ugumu huwapata zaidi wanaopeleka propela au mguu wa mashine kutengenezwa upande wa pili. Unavuka na spea kuukuu na kurudi nayo iking'aa, na ofisa wa forodha hana namna ya kujua kuwa ni ileile. Iandikishe kwenye ofisi ya forodha kabla ya kuondoka, na namba zake zitajwe kwenye karatasi. Propela ya akiba iliyo ndani ya boti nayo iandikwe kwenye orodha ya vifaa vya chombo. Risiti ya dukani, karatasi hiyo na hati za boti zikae pamoja ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha maji, kwa kuwa huulizwa pande zote mbili.